Mvua Niliyomnyeshea Baba

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla sijafanya kosa la pili, maana la kwanza limeshanishinda, na hapa ninapoandika mama yupo chumba cha pili anakunja mashuka ya watu kwa tumbo tupu, na aliyemtia kwenye njaa hiyo ni mimi.

Sisi ni watu wa dobi. Marehemu baba alifua nguo za watu miaka arobaini na moja, mtaani wanamwita Mzee Pasi mpaka leo, na mimi ndiye niliyerithi kamba, mabeseni na wateja. Baba na mvua hawakuwa wakipatana kabisa. Wingu likijikusanya tu anatoka uani, anashika kiuno, analitazama, halafu anaanza kuanua huku akilisema kama mtu anayemsema jirani aliyezoea kuja bila hodi. Nakueleza haya ili uone mwenyewe nilivyokuwa mjinga.

Ni miezi saba sasa tangu atutoke. Mama alikaa eda yake yote kwa utulivu, wala hakulia mbele za watu, lakini kuna kitu kilikuwa kinamla polepole, nacho ni kwamba hamwoti baba. Walikuja majirani kumpa pole, wakasema maiti aliyetulia huwajia watu wake ndotoni, nao waliondoka lakini maneno yao yakabaki. Tangu hapo kila asubuhi, kabla hata hatujasalimiana vizuri, ananiuliza kama nimemwota baba, nami najibu hapana, naye anasema hata yeye, kisha anaenda kuwasha jiko. Akaanza kujiuliza amemkosea nini. Mshauri, hao watu wamekaa miaka thelathini na nane na sijawahi kuwasikia wakigombana isipokuwa kuhusu wanga wa kola. Kuna kanzu moja ya baba, ya mwisho kuvaa, haijafuliwa hadi leo, katika nyumba ya dobi, wala hakuna anayeigusa ila mama, ambaye alianza kulala nayo chini ya mto akitumaini.

Asubuhi moja aliniuliza tena, macho yamevimba, nami nikasikia mdomo wangu unasema ndiyo, nimemwota.

Lilitoka tu. Mama akakaa palepale juu ya beseni lililogeuzwa, akasema nimweleze, na mimi sikuwa na kitu. Nikakumbuka nimewahi kusikia kwamba mvua ndotoni ni rehema, basi nikasema nimemwona baba amesimama uani penye kamba, amevaa nyeupe, ametulia, na mvua inamnyeshea. Halafu nikaona nimpendelee zaidi baba yangu, nikaongeza kwamba ilikuwa inamnyeshea yeye peke yake, pande zote kukavu. Nilidhani nampa rehema yake mwenyewe, asigawane na mtu.

Mama alilia, akanibusu mikono, na siku ile alikula vizuri kuliko miezi yote. Siku ya tatu akaenda kwa ustadhi wa madrasa iliyo nyuma yetu, mzee mpole, msomaji wa vitabu vya tafsiri ya ndoto, ili aisikie bishara yake kwa ukamilifu. Ustadhi akamuuliza swali moja tu, kwamba mvua ilikuwa ya watu wote au ya mzee peke yake. Mama akasema peke yake, tena kwa fahari. Ustadhi akamwambia tu amwombee sana. Mama hakuondoka, akambana mpaka akasema: mvua iliyoenea ni rehema na neema, lakini inayoangukia nyumba moja au mtu mmoja, wengi katika wafasiri wameiona kuwa ni dhiki au mtihani kwa aliyeangukiwa.

Alirudi nyumbani, akakunja mashuka sita, ndipo akaniambia, "Baba yako hajalala vizuri. Yuko kwenye shida, na amekuja kwako kuomba msaada."

Tangu siku hiyo anafunga. Alianza na Jumatatu na Alhamisi, sasa ni kila siku, wiki ya tano hii, kwa sababu amefundishwa kwamba dua ya aliyefunga hairudi mikono mitupu, naye anataka kila magharibi awe na dua moja ya kumpelekea mumewe. Na mama ana kisukari, anajidunga sindano, daktari alishamkataza kufunga hata Ramadhani. Jumanne alianguka uani. Nilimkuta chini ya kamba, shuka jeupe la mteja limemwangukia mpaka usoni, na kwa muda mfupi nilidhani wazazi wangu wameisha wote wawili. Nikamnywesha maji ya sukari, akazinduka, na cha kwanza alichofanya ni kunikasirikia kwa kumfungulisha.

Sasa nimepata wazo, ndiyo maana nakuandikia. Nataka nimwote baba mara ya pili. Safari hii mvua inyeshe mtaa mzima, kwenye bati letu na la jirani, watu wote wamelowa wanacheka, na baba yumo katikati yao. Mama ataacha kufunga siku hiyohiyo. Nimeshaipanga yote, mpaka viatu alivyovaa. Lakini nimesikia kwamba anayezua ndoto atatakiwa siku ya kiyama apige fundo punje mbili za shayiri, na hataweza. Nilijaribu kwa punje za mchele, mshauri, na hapa sifanyi mzaha. Naogopa. Halafu jana mama ameniambia, "Ukimwota tena, mwangalie usoni vizuri, uje uniambie."

Je, nimwambie hiyo ya pili, iwe ya mwisho, kisha nitubu zote kwa pamoja? Au niseme kweli, nimnyang'anye na ile moja aliyo nayo?

Binti wa Dobi

*

Binti wa Dobi,

Hapana. Huoti tena. Nimeanza na jibu kwa sababu mama yako hana muda wa kusubiri nimalize kukubembeleza.

Uongo wa kwanza ulikuponyoka, na mwenye moyo atakuelewa. Huu wa pili umekaa chini ukaupanga mpaka viatu, na tofauti yake unaijua, vinginevyo usingeniandikia. Tena hautakufikisha popote. Mama ataupeleka kwa ustadhi, ustadhi atauliza swali lingine, nawe utarudi kulala ukiwa na kazi ya kutunga ya tatu. Utazeeka ukimtungia baba yako maisha.

Kabla gazeti hili halijanipa kona hii nilikuwa mkunga miaka thelathini na moja, kwa hiyo kwenye suala la sukari nisikilize bila kubishana. Mtu anayejidunga sindano kisha akashinda na njaa wiki tano anaweza kulala asiamke. Jumanne ulimwahi, na hukumwahi kwa ujanja wowote, ilitokea tu ukawa nyumbani. Mpeleke kliniki wiki hii, na umweleze daktari kila kitu, hata kama mama amekukonyeza unyamaze. Mwenyezi Mungu aliyemruhusu mgonjwa kula Ramadhani hajamtaka mama yako ajiue katika mwezi wa kawaida.

Sasa hiyo mvua. Mimi si mwanachuoni, basi niliichukua barua yako nikampelekea imamu wa msikiti ninaoswali, nikamsomea. Kwenye punje za mchele alicheka kidogo, msamehe, kisha akavua miwani akafuta macho. Akaniambia ustadhi wenu hakubuni kitu, hiyo tafsiri ipo: ya wote ni rehema, ya mmoja huogopewa. Akasema pia kwamba wafasiri wenyewe humaliza kwa kusema Mungu ndiye ajuaye, na kwamba ndoto ya mtu haitoshi kuhukumu hali ya maiti kaburini. Lakini zaidi ya yote, akasema, tafsiri ni ya ndoto iliyootwa. Yako haikuotwa. Mvua ile haikunyesha popote, si kwa baba yako wala kwa watu wote. Hakuna habari ya marehemu iliyokufikia, nzuri wala mbaya. Mama yako anakufa njaa kwa ajili ya jambo ambalo halikutokea hata usingizini.

Na kuhusu shayiri, toba iko wazi, lakini huwezi kutubu huku madhara yako yanaendelea chumba cha pili. Kuyaondoa ndiyo sehemu yako ya kwanza.

Basi fanya hivi. Mwambie leo, mchana, mkiwa mnakunja nguo, maana mikono ikiwa na kazi masikio huwa na subira. Usianze kwa kusema ulitaka kumfurahisha, kwa sababu hapo utakuwa unajitetea kabla hajajua kesi yenyewe. Sema, "Mama, sikumwota baba. Nilitunga." Halafu funga mdomo. Atakachosema akiseme. Akinyamaza siku tatu, nyamaza naye, lakini hakikisha sindano na chakula havinyamazi. Akiwa amefunga siku hiyo, usingoje magharibi, funga ya sunna mwenyewe ana ruhusa ya kuikata. Baadaye nenda naye kwa ustadhi, umweleze ustadhi kwa mdomo wako ulichofanya, mama akisikia, ili yule aliyemtia hofu kwa nia njema naye amtulize.

Unaogopa kumnyang'anya ndoto. Hebu itazame vizuri hiyo zawadi uliyompa: mume amesimama peke yake anateseka, na mke hana la kumfanyia ila kukaa na njaa. Mnyang'anye haraka. Cha kwake kitabaki. Dua za wiki tano ni zake, aliziomba kwa kweli, na hazikuhitaji ndoto yako ili zimfikie anayezipokea. Mwambie na hilo, maana atadhani umempotezea kila kitu.

Nimebakiza jambo moja, nalo sitakugombeza. Umeniandikia karatasi nne za huzuni ya mama yako. Yako hukuitaja hata kwa mstari. Nimewazoea watu kama wewe, wanaokuja kuniambia nani anaumwa huku wao wenyewe wameshikilia ukuta. Wewe pia umefiwa na baba. Kila asubuhi ulipojibu hapana, ulikuwa unalisema kwa nafsi yako pia, na nadhani asubuhi ile ulichoka kulisema.

Mama yako hayajui hayo. Anachojua ni kwamba mumewe alikuja nyumbani, akampita yeye aliyelala na kanzu yake, akaenda kwa binti. Unafikiri hilo halimuumi? Anakuomba umwangalie usoni kwa niaba yake kwa sababu ameshakubali kwamba yeye hatamwona. Ukimwambia kweli utamvunja moyo, ndiyo, lakini utamwondolea na hilo. Mwambie hajaja kwako pia. Mwambie kila ukilala unatamani, na kila ukiamka hakuna. Atakapojua kwamba mnamngoja wawili, mlie kadiri mtakavyo, kisha pakua chakula katika sahani moja, na wewe ndiye uanze kula.