Lodi Wangu Amempigia Mama Magoti

Mpendwa Shangazi Milcah,

Naomba unisaidie mapema, maana nikikawia nitampoteza mtu, na sijui hata kama ndiye niliyekuwa namtafuta. Mimi nauza vitabu vya mitumba hapa sokoni Nakuru, na kwa kuwa wateja ni wa kungojewa nimesoma karibu kila riwaya ya mapenzi iliyopita mikononi mwangu, hasa zile za Uingereza ya zamani, za malodi wenye majumba makubwa na farasi, wanaume wasiosema sana, wanaosimama pembeni kwenye dansi wamekunja mikono, halafu anatokea msichana mcheshi asiyejua adabu za wakubwa, na lodi anayeyuka bila kupenda, na mimi tangu zamani nimemwambia Mungu kwamba nikiolewa nataka lodi wa namna hiyo, mtulivu, mwenye kujiheshimu, hata kama anaishi Lanet kwenye nyumba ya kupanga.

Badala ya lodi amekuja Wanyonyi. Wanyonyi ni MC wa harusi, Shangazi, na sauti yake haihitaji spika, anasalimia soko zima kabla hajanifikia, anacheka mpaka wateja wanasahau walichokuja kununua, na mimi ni mtu wa kunyamaza, hapa sokoni wananiita Madam na hakuna anayethubutu kubishana nami bei. Siku aliponiambia ananipenda nilimjibu, "Nimesikia." Hakukasirika, alivuta kiti akaniomba nimsimulie vitabu vyangu, kwa sababu yeye kusoma kunamletea usingizi, ndipo nikamweleza jinsi malodi wanavyoposa, kwamba mwanamume huenda kwanza kwa mzazi kuomba ruhusa, kisha hupiga magoti, na haikunijia kumfafanulia magoti yanapigiwa nani.

Jumamosi iliyopita akaja nyumbani kwetu Gilgil kumsalimia mama. Ilikuwa siku ya kikundi cha maombi, sebule imejaa akina mama, na Wanyonyi akaingia na suti yake ya harusi, akapiga magoti mbele ya mama, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Mama, nimekuja kunyenyekea mbele yako. Niko na ombi kubwa kwa roho."

Mama aliweka chupa ya chai chini, akamwekea mkono kichwani. "Bwana asifiwe, mtoto wangu," akasema. "Rudia haya maneno." Akamwongoza sala ya toba, Shangazi, kutoka mwanzo hadi mwisho, na Wanyonyi kwa heshima akarudia kila neno, akina mama wakaimba na kupiga makofi, jirani yetu Wariara akalia kwa furaha, nami nikatoka nje nikajificha nyuma ya tangi la maji, nikacheka mpaka nikakaa chini, mimi ambaye sijawahi kusikika nikicheka pale nyumbani.

Wanyonyi akanifuata huko. "Wachuka, mimi niliokoka kitambo, nikiwa high school," akaniambia. "Hiyo ya leo ilikuwa ya kukuoa." Kisha akanyamaza, mara ya kwanza tangu nimjue, akangoja. Nami nikamwambia apanguse vumbi magotini.

Sasa amepata kazi hoteli moja Kitale, na asiposikia neno kutoka kwangu wiki hii ataenda. Mama anamwita mwanawe wa kiroho na kila siku ananiuliza atakuja lini tena. Moyo unaniuma nikiwaza soko bila sauti yake. Lakini niambie, Shangazi, lodi gani huyu anayeokoka kwa bahati mbaya?

Wachuka, Nakuru

*

Wachuka mwanangu,

Barua yako nimeisoma jikoni na chapati yangu imeungua, kwa hivyo usitarajie nikubembeleze.

Unauza vitabu hivyo, umevisoma vyote, na bado hujajua wewe ni nani ndani ya hadithi. Kati yenu wawili, ni nani hasemi? Ni nani anakaa wima mpaka soko zima linamwogopa? Ni nani aliyeambiwa anapendwa akajibu kama karani wa serikali aliyepokea malalamiko? Lodi ni wewe. Huyo Wanyonyi ndiye msichana mcheshi anayeingia kwenye dansi na kelele zake, na wewe ndiye uliyekunja mikono pembeni, ukaenda kuyeyukia nyuma ya tangi la maji. Ulichomwomba Mungu amekupa, ila amekigeuza kidogo.

Na hebu fikiria ungempata yule wa kunyamaza. Malodi wawili nyumba moja? Mngeombana chumvi kwa macho mpaka uzeeni.

Kwa kucheka sikulaumu, hata mimi nimecheka na nina mgongo mbaya. Nakulaumu kwa hilo vumbi. Mtu anayelipwa kuongea amefunga mdomo kwa ajili yako, amesimama mbele yako na moyo wake mkononi, na wewe unamtuma apanguse suruali! Wanyonyi huwasemea watu kwenye harusi zao, lakini ya kwake hawezi kuisemea pande zote mbili. Neno lako lazima litoke kwako.

Basi fanya hivi. Kesho kibanda kibaki kimefungwa, nenda kwake wewe mwenyewe, usimtume mtu wala usiandike kwa simu. Mwambie unampenda. Mambo ya Kitale mtayapanga baadaye, kwenda au kubaki, mkiwa wawili. Neno "nimesikia" nimekupigia marufuku. Kisha arudi Gilgil na wazee wake kama inavyotakiwa, siku isiyo ya maombi, na mama yako mumwambie ukweli posa ikishapokelewa. Atacheka, na sala haijawahi kumdhuru mtu.

Najua ulimi wako ni mzito, na unaweza kufika pale ukakwama. Ukikwama, fanya wanachofanya malodi kwenye ukurasa wa mwisho: piga magoti. Ila angalia kwanza mama yako hayuko karibu.

Shangazi Milcah