Sare Tatu za Sajini Zipora

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Igunduli, Geita
Tarehe: 5 Machi 2025

Jina: Zipora Nkwabi Masele
Umri: Miaka 62
Kabila: Msukuma
Dini: Mkristo
Kazi: Mkulima; Sajini mstaafu wa jeshi la anga, fundi wa ndege
Makazi: Ushirombo, Bukombe

Mimi ndiye mwenye sare zilizokamatwa. Jana mchana, nikiwa nyumbani nabangua karanga, nilipigiwa simu na Rebeka, mke wa Fredy, fundi cherehani wa hapa Geita. Alikuwa analia. Alisema, "Mama Donatus, Fredy yuko ndani. Wamemkuta na nguo zako za jeshi."

Ni kweli nilimpelekea mimi mwenyewe. Wanawake wenzangu waliostaafu jeshini wamenichagua nionyeshe mavazi ya kikosi cha anga ya nyakati mbalimbali kwenye Siku ya Wanawake, tarehe 8 Machi. Niliruhusiwa kuzihifadhi sare hizo, lakini nimenenepa na sketi haifungi.

Leo nilipanda basi la kwanza. Nilimkuta Fredy nyuma ya kaunta, amekaa chini bila viatu. Alinisalimia kwa Kisukuma, "Wangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama, akainamisha kichwa. Nilimwambia, "Inua uso. Hujaiba kitu."

Koplo Adam alizitandaza sare mezani. Alisema, "Shikamoo mama. Hizi haziwezi kuwa za mtu mmoja. Kila moja ina rangi yake na mshono wake, na sijaona askari wa leo aliyevaa hivi." Alikuwa na haki ya kuuliza, nikamjibu.

Sketi ya bluu nilikabidhiwa mwaka 1983. Kikosini kwetu hapakuwa na suruali ya kike. Nilipanda ngazi za ndege na sketi hiyo, wanaume wakiwa chini wameshika ngazi. Nilijifunza kufungua bolti kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika pindo. Sikupenda kulisema hilo mbele ya askari vijana, lakini nililisema.

Mimi na wenzangu wawili tukaenda kuomba suruali. Mtunza stoo alicheka, "Za viuno vyenu nitazitoa wapi?" Tukamwambia atupe za wanaume. Ndiyo hii ovaroli. Mikono niliikunja mpaka kwenye kiwiko, kiunoni nikafunga kamba ya parachuti. Doa la kifuani ni oili ya injini ya kwanza niliyoifungua nikiwa mkuu wa zamu. Fredy alitaka kulitoa kwa petroli, nikamkatalia.

Kombati ya mabaka ilikuja miaka mingi baadaye. Suruali yake imekatwa kwa ajili ya mwanamke. Siku tuliyogawiwa, mwenzangu mmoja aliniuliza kinachoniliza. Nilimjibu, "Imenikaa."

Koplo Adam alinipa kiti chake, akapiga simu jeshini. Mchana alifika Kapteni Vumilia, mwanamke, rubani. Alivaa ovaroli ya urubani ya kipimo chake, zipu mpaka shingoni, beji ya mbawa kifuani. Alizitazama sare mezani, akanitazama mimi. Kisha akasimama wima, akanipigia saluti.

Kapteni hampigii sajini saluti kwanza. Kila aliyekuwa pale alilijua hilo.

Alisema, "Afande, tulipoingia tulisimuliwa habari za wanawake watatu walioomba suruali. Sikujua kama nitamwona mmoja wao." Nilirudisha saluti. Magoti yananisumbua siku hizi, ila wakati ule sikuyasikia.

Alimthibitishia Koplo kwamba sare ni zangu na nina kibali. Fredy alirudishiwa viatu vyake. Kabla hajamaliza kuvivaa, Rebeka alikuwa amepiga vigelegele mlangoni, na wanawake wa sokoni wakamwitikia, na bodaboda wakapiga honi mpaka hatukusikilizana. Fredy alicheka huku anajifuta macho, akasema kiuno cha sketi kitakuwa tayari kesho.

Kapteni ameniomba tarehe 8 atembee kando yangu, yeye na ovaroli yake, mimi na sketi. Nimemwambia asinikimbize.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyatenda, nimeyasema kwa hiari yangu, na ndiyo maelezo yangu.

Sahihi: Z. N. Masele

Mimi, Koplo Adam, nimeandika maelezo haya na kumsomea shahidi, naye ameyakubali kuwa sahihi. Amekabidhiwa sare zote tatu. Alipotoka, askari wote wa zamu walisimama bila kuamriwa.