Kamba ya Mkono wa Kushoto

Maskati, Ijumaa baada ya sala

Mama Rukia,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii inakukuta mzima, Rukia mzima, na mguu wa mama umepungua uvimbe. Ule ukuta wa uani uliokuwa ukimeguka, je, umesimama bado au mvua imeumaliza? Mimi mwili wangu hauna tatizo. Moyo tuuache kwanza.

Hapo juu utaona nimekata maneno. Niliandika "Mke wangu", nikayapiga mstari. Sikufanya hivyo kwa hasira, na wewe hujanikosea kitu. Nivumilie nikusimulie kwa mpango, maana nikianza na mwisho utaitupa barua.

Utajiuliza karatasi ya nini wakati simu ipo. Simu ya nyumbani unaijua. Nikituma ujumbe wa sauti anausikia mama, anausikia na jirani aliyekuja kuchambua mchele, na kabla ya alasiri umeshafika kwa wazee Kaole. Haya ni ya masikio yako kwanza. Nitampa barua fundi mwenzangu wa Pangani anayerudi likizo, aiache dukani kwa Mzee Jivan hapo Dunda, naye akukabidhi mkononi.

Kazi ni ileile, kuchonga milango. Watu wa huku wanataka mlango mpya uonekane umezikwa na mababu. Nikishamaliza nakshi kwa wiki tatu, natakiwa niupige kwa mnyororo wa chuma mpaka upate makovu. Marehemu baba angeniona angenivua patasi. Joto limenipasua viganja, na chumba tunalala watu sita, kila mmoja ana kikohozi chake. Sisemi ili unionee huruma. Nasema kwa sababu nikija utaniona nimekonda na utadhani ni mapenzi.

Nasri nimeshakutajia, dereva wa karakana, Mwomani wa hapahapa. Bibi yake alizaliwa Unguja akarudi huku na Kiswahili chake, kwa hiyo Nasri naye anasema Kiswahili cha vikongwe. Gari analiita motokari, daktari anamwita tabibu, na akitukana anatukana kama bibi wa miaka tisini. Yeye ndiye ninayekwenda naye kupeleka milango kwa wateja. Mimi mtu wa Bagamoyo sijawahi kufika Morogoro, lakini Nizwa ya huku nimefika mara sita. Nimeona milima isiyo na jani hata moja, na mabonde makavu ambayo Nasri anaapa kwamba mvua ikinyesha yanabeba malori. Kila kituo cha mafuta lazima asimame anywe chai ya maziwa na iliki, na kila kijiji lazima anionyeshe nyumba ya jamaa yake. Nilikuwa nafurahi safari zile. Niseme kweli, ndicho kitu pekee nilichokuwa nakifurahia katika nchi hii, na sasa nacho kimeniharibikia.

Wiki tatu zilizopita tulipeleka mlango Sur, mji wa pwani, njia ndefu. Tukaufunga kabla ya adhuhuri. Nikatoka nje kunawa mikono, nikauona mlango wa nyumba ya ng'ambo ya kichochoro. Ulikuwa mpya, haujafikisha hata mwaka. Nikautazama mwimo wake, ule ubao wa pembeni, na kamba iliyochongwa juu yake kutoka chini hadi juu. Mama Rukia, kamba ile ilikuwa inapinda kushoto.

Wewe umekaa na mafundi miaka yote, unajua maana yake. Kila fundi aliyefundishwa na baba, kamba yake inapanda ikipinda kulia. Ni Kaka Athumani tu, kwa kuwa anashika nyundo kwa mkono wa kushoto, yake ilikwenda kinyume. Baba alimchapa, akamfunga ule mkono, mwisho akachoka akamwacha. Sijaona mtu mwingine duniani anayechonga hivyo.

Yaliyotokea miaka minane iliyopita unayajua kuliko mimi, lakini acha niyaandike, maana nataka kuyatazama upya. Kaka alipakia milango minne kwenye boti ya mizigo iendayo Pemba, boti ikazama. Waliopatikana wakazikwa, yeye hakupatikana. Siku ya sita wavuvi wa Mlingotini wakaokota mwimo wa mlango, nikaitwa niutazame. Nikaiona kamba ya kushoto, nikaapa mbele ya watu kwamba hii ni kazi ya Athumani. Nilisema kweli. Ila watu walisikia kwamba Athumani kafa, na mimi mwenyewe nilisikia hivyo. Ikasaliwa sala ya ghaibu, ikasomwa hitma, wewe ukakalishwa eda miezi minne na siku kumi. Siku ile ulisema neno moja tu. Ulisema, "Mlango si mtu." Ba'mkubwa Mshamu akakwambia usikufuru, na mimi nikakwambia subira, shemeji. Naona haya mpaka leo.

Mwaka ulipopita wazee wakakaa Kaole kugawa vya marehemu. Baiskeli akapewa mjomba. Patasi nikapewa mimi. Kisha wakasema na wewe nikuoe mimi, nyumba isivunjike, mtoto asilelewe na mtu baki. Posa ikapelekwa kwa baba yako mdogo, naye akaitikia kabla chai haijapoa. Sikusikia kama wewe uliulizwa, na sikuuliza. Mimi nilifurahi. Nilikuwa nimeificha furaha hiyo tangu siku za hitma, nikiinamisha kichwa watu wadhani nalia.

Basi nilisimama pale kichochoroni mikono inachuruzika maji. Nasri akamwita mwenye nyumba, akamuuliza kwa Kiarabu aliyemtengenezea. Ni Mswahili mmoja, akasema, ana kibanda barabara ya kusini, anafanya kazi kwa mkono wa kushoto. Nilimwambia Nasri habari yote palepale. Hakunipa pole. Alisema tu kwamba motokari ina mafuta, twende.

Tulikwenda saa nzima na nusu, mchanga upande huu, mchanga upande ule. Njiani nilijipangia maneno ya kumwambia, makali, ya kumfanya alie. Tukakiona kibanda cha mabati, mbao zimeegemezwa nje, na mtu ametupa mgongo anachonga. Mvi zimemjaa, lakini mabega ni yaleyale. Nikamkaribia, na unajua nilisema nini?

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," akaitikia, bila kugeuka.

Mara nane nimemsomea hitma mtu huyu, na mdomo wangu ukamwamkia kama vile katoka dukani asubuhi. Alipogeuka akaniona, aliketi juu ya ubao, akauliza nani kaniambia. Nikamwambia ni kamba yake.

Nitakupa maelezo yake kama alivyonipa, sikuongeza wala sikupunguza. Anasema boti hakupanda. Alipakia milango, akashuka kununua mkate, akakaa ukingoni akaitazama inaondoka. Anasema alikuwa amechoka. Nilimuuliza kachoshwa na nini, akasema na kila kitu, na kuitwa tu kulimchosha. Alikuwa Dar aliposikia boti imezama, na baadaye akasikia hitma imesomwa, akaona akirudi atatuharibia. Eti atatuharibia. Ningemwelewa kama ningekuta mke mle ndani, watoto, nyumba ya maana. Ana godoro, birika na paka. Alituacha ili akakae peke yake.

Kisha akaniuliza kama ule mnazi alioupanda uani umeanza kuzaa. Aliuliza habari ya mnazi kabla ya kuuliza habari ya Rukia. Nimeliandika hili makusudi, maana najua una tabia ya kusamehe.

Nikamwambia, "Mkeo nimemwoa mimi."

Akachukua msasa, akawa anasugua ubao ambao ulikuwa umeshasuguliwa. Halafu akasema, "Afadhali wewe kuliko mtu baki."

Maneno ya wazee wa Kaole, yaleyale, kana kwamba alikuwa amekaa nao mkekani. Nilimpiga kofi. Yeye ni mkubwa wangu, mwana wa baba yangu, nami nilimpiga kofi, sijamtaka radhi na sidhani kama nitamtaka. Nasri ndiye aliyenishika.

Nikamtaka atoe talaka. Akasema si mmeshaozana, karatasi ya nini tena. Hapo Nasri akamwambia kwa Kiswahili chake cha bibi yake kwamba yeye yuko hai, na mwanamke wa Kiislamu hana ruhusa ya waume wawili, basi ashike kalamu. Akamleta imamu wa msikiti wa kando ya barabara, wakawa mashahidi yeye na imamu. Kaka aliandika nyuma ya karatasi ya ruwaza, ile tunayoibandika juu ya mti kufuatisha ua. Alitoa talaka kama mtu anayempa mwenzake kiberiti. Imo ndani ya bahasha hii. Upande mmoja utakuta talaka, upande wa pili nusu ya ua.

Tulirudi Maskati bila kusimama kwenye chai hata moja. Tulipoanza kuiona taa ya kwanza ya mji, Nasri akaniuliza kama mwanamke huyo ananitaka. Nikamjibu kwamba ni mke wangu.

"Sikukuuliza hilo," akasema.

Miaka mitatu tumekaa nyumba moja kabla sijaja huku, umenipikia, umeniuguza homa, umecheka nilipoanguka na ngazi, na sikuwa na jibu la kumpa dereva.

Nilimwendea shehe mmoja hapa, mtu mpole, nikamweleza. Akasema asiyejua hana dhambi, lakini kwa kuwa kaka yu hai, ndoa yetu haikusimama. Unatakiwa ukae eda ya talaka tangu siku ile aliyoandika, na ikiisha u huru, uolewe na umtakaye au usiolewe kabisa. Sasa unajua kwa nini nilikata yale maneno. Mara ya kwanza ulikalia eda mtu aliye hai wakikwambia kafa. Mara hii utamkalia huyohuyo ukijua yu hai. Sisi wanaume wawili wa nyumba moja tumekutesa hivyo, mmoja kwa kuondoka na mmoja kwa kuapa, na wewe ndiye pekee uliyesema kweli.

Mama usimwambie bado. Nitakuja mwenyewe kabla ya Shaabani nimwambie kwa mdomo wangu, asije akapika tena ubwabwa wa hitma ya mtu anayekunywa chai. Rukia ni mwanao, wewe ndiye utakayeamua lini ajue. Ameniita ba'mdogo siku zote, na hilo halina talaka. Ada yake na matumizi ya nyumba vitakuja kila mwezi, utakalojibu na liwe lolote. Usiyaweke hayo kwenye mizani.

Neno lenyewe ni hili. Posa ya kwanza alipelekewa baba yako mdogo na jibu akalitoa yeye. Hii sijampelekea mtu, sijamwambia mzee yeyote, wala Ba'mkubwa Mshamu hana kikao chake. Nakuletea wewe. Eda ikiisha, utakubali nikuoe? Ukisema hapana, nyumba ni yako na mtoto, mimi nitapanga chumba Dunda na nitapita uani kwa kubisha hodi kama mgeni mwingine. Usinijibu kwa simu, na usimtume mtu. Andika kwa mkono wako, hata kama ni neno moja.

Nisalimie mama, mwambie namwombea mguu wake. Mbusu Rukia. Mshukuru Mzee Jivan wa dukani kwa amana. Ba'mkubwa Mshamu, mwenye kikao, mpe salamu na usiongeze kitu. Nasri naye anakusalimu, ingawa hakujui, na anasema uchukue muda wako.

Wassalaam.

Shemeji yako,
Hamadi