Sauti ya Kwenye Kihenge

Mwalimu Valerian Maganga wa Nyarugusu

Mwaka umezunguka tangu utuache, Baba Zipora, na karasha za huku bado zinasaga mawe ya dhahabu kutwa kama vile hakuna aliyeondoka.

Ulikuwa mpole. Mtoto akikosa hesabu ulimpa karanga, ukamwambia ajaribu tena. Ndiyo maana watoto wa darasa lako walikosa sana.

Ulipopewa kishikwambi cha kufundishia, ulikilaza kitandani katikati yako na mkeo Lusia, kama kichanga. Lusia, aliyeishia darasa la nne, akasogea ukutani. Alidhani yatapita. Hayakupita.

Pumzi ilikuwa imeanza kukukata ubaoni. Ukasema utarekodi masomo, siku ukiumwa watoto wasikose. Lakini kila ukirekodi, zinasikika karasha tu. Ndipo ukakiona kihenge cha kuhifadhia mtama, kitupu baada ya mavuno mabaya. Ukapanda ngazi, ukazama ndani na kishikwambi chako, ukajifunika.

Jirani Mbuke alikuja kuomba moto. Akasikia kihenge kinauliza, "Nusu ukijumlisha na robo, unapata ngapi?"

"Mayu wane! Lusia, kihenge chako kinaongea!"

"Kiache, Mbuke. Kinafundisha."

Kutoka humo ndiko kulikuwa kazi. Wanao Amosi na Ndaki walikuvuta makwapani, ukaibuka na makapi ya mtama masikioni, unacheka. Na chakula kikiiva, Lusia aligonga kihenge kwa mwiko: "Baba Zipora, ugali unapoa!" Nawe ukajibu, "Nakuja mama, bado kidogo." Yote hayo yakaingia kwenye somo.

Tulipokuzika, kishikwambi kilikwenda kwa Mwalimu Loveness, aliyeshika darasa lako. Binti mwema, ila akasema atayafuta masomo ya zamani, arekodi mapya yasiyo na makelele ya jikoni. Lusia chakula kikamshinda. Nyumbani hatukuwa na sauti yako nyingine. Hakwenda kugombana. Alichemsha michembe ya viazi vitamu, akajitwisha hadi shuleni, akaomba akusikie mara ya mwisho.

Wakamkalisha dawati la mbele, magoti yakagusa kidevu. Ukaanza kusema. Ukafika kwenye nusu na robo, ukauliza, ukanyamaza. Mwiko ukagonga, na darasa zima likapaza sauti pamoja na kishikwambi: "Baba Zipora, ugali unapoa!"

Lusia akajifunika uso kwa kanga. Haikujulikana analia au anacheka.

"Bibi, usione vibaya," akasema Yasmini, binti wa darasa la saba. "Ukiita ndipo tunapiga hesabu. Mwalimu akisema 'nakuja', lazima tuwe na jibu."

"Na jibu ni ngapi?" akauliza Lusia.

"Robo tatu!"

Mwalimu Loveness akachukua kipande cha michembe, akatafuna taratibu. "Basi, Bibi. Hakifutwi kitu."

Siku hizi Lusia akipita gulioni watoto wanamkimbilia: "Shikamoo, Bibi Ugali!" Anaitikia marahaba, anatembea kama mkaguzi wa shule.

Unakumbukwa na mkeo Lusia, wanao Zipora, Amosi na Ndaki, wakwe na wajukuu, Mwalimu Loveness na darasa lake, na jirani Mbuke, ambaye mpaka leo hapiti karibu na kihenge.

Ulisema unakuja, bado kidogo. Sawa, Baba Zipora. Hatukusahau kamwe, na ugali wako tumeufunika.