Picha za Kinamasi Kisicho na Watu

Mtongwe, Likoni,
Mombasa.
19 Mei 2025

Mpendwa Kaka Jumaa,

Shikamoo kaka. Assalaam alaykum. U hali gani huko Doha na joto lenu? Mgongo umepoa, au bado wanakubebesha vitu vizito? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Mama pumu ilimkamata mvua zilipoanza, lakini sasa anapika mwenyewe na kugombana na kuku wa jirani.

Nimeandika kwa karatasi kwa sababu simu yako hushikwa na kila mtu mle chumbani kwenu, na haya ni ya macho yako tu. Boga, jirani yetu, anakuja huko kuanza kazi. Nimemwambia akupe mkononi, asimpe mtu mwingine.

Masika ya mwaka huu ni makali. Kazi yangu unaijua, ni kupiga picha za harusi, lakini harusi zikipungua huchukua kamera nikashuka kinamasini nyuma ya nyumba. Wingu likija jeusi kutoka baharini, na jua bado linapenya chini yake, mikoko huwa na kijani usichokiona siku nyingine. Maji juu ya matope hutulia kabisa kabla upepo haujafika. Hapo ndipo napiga. Kamera huivisha mfuko wa plastiki, viatu naviacha nyumbani. Siku moja radi ilipiga ng'ambo karibu mno, meno yakagongana, lakini picha niliipata.

Mwezi wa Machi alinijia mtu aitwaye Lenox. Nadhifu, sauti ya chini, akanisalimu kwa jina na kusema nambari yangu amepewa na wewe. Nikafurahi. Alitaka picha za kinamasi chini ya mawingu mazito, za kutundikwa kwenye hoteli huko Shanzu. Bei hakubishana nayo. Sharti lake lilikuwa moja.

"Usiniwekee watu," alisema. "Wala nyavu, wala paa la nyumba. Wageni wanapenda pahali patupu."

Nilidhani ndivyo anavyopenda. Lakini kila nilipompelekea picha, wingu hakulitazama. Alikuza pembe za picha kwa vidole, akakagua huku na huku kama anayetafuta sindano. Kaka, mtu anunue picha ya mvua asiiangalie mvua? Ile nzuri kuliko zote ilikuwa na shangazi Mwanatumu kwa mbali, ameinama na kikapu chake cha kaa. Nikamwambia hiyo haimfai, ina mtu. "Lete tu," akasema, "tutaona la kufanya." Nikampa, lakini roho haikutulia.

Kisha nikamkuta ndani ya kinamasi peke yake, na suruali haina tope. Unajua mwenyewe, mgeni akiingia mle huzama hadi mapajani. Yeye alikuwa akikanyaga juu ya mizizi, kwenye njia ile aliyotuonyesha marehemu Baba. Nikamuuliza nani amemfundisha. Akatabasamu. "Nina rafiki aliyekulia hapa." Jina hakulitaja.

Tangu siku hiyo nikaanza kumwogopa. Nilimshuku hata mwenye tuktuk aliyemleta. Shangazi alisema ninajitesa bure, akaendelea na miche yake ya mikoko, ile anayoipanda na Mwende na wale kina mama wengine.

Wiki iliyopita tukaitwa mkutanoni kwa naibu chifu. Kuna kampuni inayoomba kinamasi kijazwe udongo ijenge maghala. Nani anasimama kuizungumzia? Lenox. Akabandika picha ukutani kuonyesha kwamba pale hapatumiwi na mtu yeyote, ni matope na mvua tu. Zilikuwa picha zangu, kaka. Zote.

Watu waligeuka kunitazama, maana kazi yangu wanaijua. Mwende alikuwa amekaa nyuma yangu.

"Wardah, umetuuza?" akaniuliza polepole.

Niliinuka nikaenda ukutani, nikaitafuta ile ya shangazi. Ilikuwapo, lakini shangazi hayumo. Pale aliposimama pamekuwa tope tupu. Nikataka kurudi kukaa, halafu nikaona chini, kwenye maji. Kivuli cha mtandio wake kilikuwapo, na cha kikapu, vimepinduka. Aliyemfuta alisahau kukifuta na kivuli chake majini. Nikamwita aje. Akavaa miwani, akainama, akatazama kwa muda.

"Huyu ni mimi," alisema. "Kikapu ni changu. Mimi mwenyewe mmenipeleka wapi?"

Hakuna aliyecheka. Lenox akasema ni kosa la waliochapisha. Naibu chifu akaniomba picha yenyewe, nikamwonyesha kwenye kamera niliyokuwa nayo begani, na shangazi amo. Basi akasema karatasi ya kampuni haitiwi muhuri mpaka twende tukaone. Tukateremka sote, mvua inatishia, kina mama wakamwonyesha miche na mitego ya kaa, safu kwa safu. Nikawapiga picha wote na lile wingu nyuma yao, nikiwa nalia bila kujua kwa nini.

Jana tumeambiwa kampuni imeondoa ombi lake. "Kwa sasa," ndivyo walivyosema, na neno hilo silipendi.

Kaka, sasa nakuja kwako. Njia ile ni ya watu wa nyumba yetu. Mimi sikumwonyesha. Mama magoti hayampeleki tena huko. Shangazi amesema wallahi hajapata kuzungumza naye. Umebaki wewe. Labda ulimweleza ukidhani anakwenda kuvua. Labda alikudanganya kwa hizo picha za hoteli kama alivyonidanganya mimi. Au labda ulijua yote. Nimewaza hivi na vile mpaka nimechoka.

Nilipomwambia Mama nakuandikia, alikuwa akichambua mchele. Akaokota kijiwe, akakitupa. "Msalimie," akasema. "Usimuulize kitu." Ndipo nilipojua kwamba na yeye anawaza ninachokiwaza.

Yeye anaogopa jibu. Mimi naogopa zaidi siku utakayorudi, nije kukupokea, nikuangalie usoni kama nilivyokuwa nikimwangalia yule mtu. Kwa hiyo nakuuliza: ulijua?

Shangazi Mwanatumu anakusalimu sana. Mwende pia, tumekwisha kupatana. Mahfudh wa dukani anasema umemsahau. Mama anakuombea kila swala, na mimi naitikia amina. Mwenyezi Mungu akuhifadhi na akurudishe kwetu salama. Usinipigie simu. Niandikie kwa mkono wako.

Dada yako akupendaye, hata katika kukuuliza,
Wardah