Kichupa cha Kuonyesha Tu

Isevya, Tabora

Mdogo wangu Leodgar,

Huku hatujambo, isipokuwa shemeji yako Anselm. Mama ameitikia shikamoo yako. Asali ya Usinge imefika, nimekuwekea dumu.

Uliniambia kwenye simu kwamba kile kichupa cha kingamwili cha maabara yenu si dawa. Kinaitafuta tu protini inayoziamuru seli za saratani ziongezeke, ili muione. Nimekuelewa, ila sikubali. Mbwa aliyemwona mwizi alipojificha anashindwaje kumng'ata? Nitumie hata tone. Liweke kwenye barafu, mpe kondakta wa basi, nitalipokea mwenyewe stendi. Mume wangu hata uji haupiti tena.

Usiniambie nimwachie Mungu. Huyo namsumbua kila siku.

Jana alikuja Mzee Abasi, yule mtani wetu Mzaramo. Tangu Anselm augue, akifika mlangoni hupiga kelele: "Mnyamwezi hajafa tu? Wali wa matanga nitakula lini?" Anselm hucheka mpaka anakohoa.

Jana aliingia kimya, akamshika mkono, akasema, "Pole sana, ndugu yangu."

Anselm akageukia ukutani.

Kitume hicho kichupa, nakusihi.

Dada yako,
Getruda