Nilimfufua marehemu mke wangu hewani, sasa wageni wanakuja kumwona

Mpendwa mshauri Apiyo,

Naomba msaada wako, na naomba usinicheke kabla hujafika mwisho wa barua, kwa sababu mimi ni mtu mzima wa miaka sitini na nane, tena shemasi kanisani, na jambo nililofanya hata mtoto wa darasa la tatu angechapwa kwa kulifanya.

Naitwa Onyancha, wa Birongo. Miaka thelathini nilikuwa fundi wa redio za mawasiliano katika kiwanda kimoja cha chai huku Nyamira, na nilipostaafu nilibaki na mapenzi ya redio, si ile ya kusikiliza taarifa bali ile ya kuongea na kujibiwa, ambayo mtu huisomea, akafanya mtihani, akapewa leseni na herufi zake za kujitambulisha, kisha anaongea na wenzake wa Japani na Brazili akiwa amekaa kwake, kwa kujifurahisha tu. Marehemu mke wangu Kemuma alikuwa akiniambia, "Wewe watu wa mbali unawasikia, mimi niko hapa mlangoni nakuita chakula hunisikii." Alifariki Februari mwaka jana. Presha ilimpanda, akalazwa siku mbili tu, akaenda. Tuliishi pamoja miaka arobaini na mmoja.

Binti yetu Lorna ni muuguzi Uingereza, upande wa Wales, na hakuweza kuja kumzika mama yake kwa sababu karatasi zake za ukaazi zilikuwa bado ofisini na angetoka asingeruhusiwa kurudi, basi Septemba akanitumia tiketi niende nikapumzike kwake wiki sita. Nilienda. Lakini mshauri, kupumzika kwenyewe kulikuwa kukaa katika nyumba yenye zulia kila mahali na kusikiliza friji. Lorna anatoka kukiwa bado giza, anarudi amechoka, tunakula, ananiuliza kama nimemeza dawa, namwambia nimemeza, anaenda kulala. Habari ya mama yake hakuitaja hata siku moja, nami sikuitaja, kila mmoja akiogopa kumwumiza mwenzake.

Nilikuwa nimebeba redio yangu ndogo, ile inayoingia kwenye mkoba pamoja na betri na waya, na kibali cha mgeni nilikuwa nacho. Kule wenzetu wa redio wana mchezo wao: unapanda kilima mpaka kileleni, unasimamisha fimbo ndefu ya kuvulia samaki, unafunga waya wa antena, unaita, na ukijibiwa na watu wanne kilima kinahesabiwa kuwa chako. Nikasema afadhali hiyo kuliko friji. Siku ya kwanza nikapanda basi, nikashuka chini ya kilima kimoja, nikapanda kwa miguu saa mbili nzima. Sisi huku ukipanda kilima chetu cha Kiabonyoru hufiki juu kabla hujasalimiwa na watu kumi na kuulizwa unaenda wapi. Kule nilikutana na kondoo na upepo. Nikafunga waya, nikakaa nyuma ya jiwe, nikaanza kuita, na mtu wa kwanza kunijibu alikuwa mzee anaitwa Gwilym, fundi mstaafu kama mimi, ana sauti nzito ya kuchekacheka. Tukapeana majina, tukaambiana tunavyosikika, akashangaa kusikia natoka Kenya, halafu akaniuliza, kwa utani tu:

"Na mama watoto uko naye huko juu, au yeye ana akili kuliko wewe?"

Nikabonyeza kitufe cha kuongea nikiwa nimekusudia kusema ukweli, Mungu ni shahidi, lakini kilichotoka ni hiki: "Yuko chini. Amekataa kupanda. Anaogopa baridi."

Gwilym akacheka, akasema mpe salamu. Nikasema nitampa. Niliposhuka nilijikuta naharakisha kama mtu anayesubiriwa, na pale chini kwenye kituo cha basi palikuwa na benchi tupu, nami nikasimama nikilitazama mpaka basi likanipita.

Nilipaswa kuishia hapo. Badala yake nilipanda vilima tisa katika wiki hizo, na katika kila kilima Gwilym alikuwa ananisubiri, na katika kila kilima Kemuma alizidi kuwa hai. Leo goti linamsumbua. Leo anasema chakula chenu hakina ladha, anatamani mboga zetu za chinsaga na ugali wa wimbi. Leo amenikasirikia kwa kuchelewa kushuka. Na mengi ya maneno hayo alikuwa ameyasema kweli alipokuwa hai, kwa hiyo ulimi haukujikwaa. Mke wa Gwilym, jina lake Mair, akawa anasogea redioni kuuliza, "Kemuma anaendeleaje?" Mshauri, tangu mazishi hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza Kemuma anaendeleaje. Watu huniuliza mimi naendeleaje, wakishajibiwa wanabadilisha mazungumzo. Nilipokuwa nikimjibu Mair nilikuwa najisikia mtu mwenye nyumba yake.

Halafu Mair akaomba anwani ya Lorna nami nikampa bila kufikiri, na wiki ya mwisho posta ikaleta kifurushi chenye jina la Kemuma. Lorna ndiye aliyekifungua. Ndani kulikuwa na skafu ya sufu aliyoifuma Mair mwenyewe, na kadi.

"Baba, Mair ni nani?"

"Ni mke wa rafiki yangu wa redioni."

"Na anamtumia mama skafu?"

Akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kiti, akaenda jikoni akafungua bomba, na maji yakatiririka muda mrefu na wala hakukuwa na chombo cha kuosha. Nilijua anafanya nini mle. Sikuinuka. Mpaka siku ya uwanja wa ndege hakuna aliyelitaja jambo hilo, na hata leo tukipigiana simu tunaongea habari ya dawa na mvua.

Nimerudi Birongo miezi minane sasa, na nyumbani nina redio kubwa zaidi, na jioni mawimbi yakikubali Gwilym ananisikia vizuri tu, kwa hiyo uongo nao uliabiri ndege tukarudi pamoja. Sasa mwezi uliopita ameniambia kwa furaha kwamba wanakuja Kenya Agosti kwa likizo yao, wameshapata tiketi, wataona wanyama Mara, kisha watakuja kwangu siku tatu kwa sababu anataka kupanda Kiabonyoru na redio yake aite akiwa kwetu kama nilivyoita nikiwa kwao. Na Mair anataka kupika na Kemuma.

Nimetafuta njia mpaka nimechoka. Niliwaza kusema amesafiri, lakini ni mke gani wa Kisii anayesafiri wageni wake wakija kutoka ng'ambo? Nikaenda kwa Drusilla, mjane mwenzangu tunayeimba naye kwaya, nikamwomba akae kwangu siku hizo tatu kama mama wa nyumbani, asiseme mengi. Akanitazama. Akasema, "Onyancha, unataka nivae jina la marehemu nikapikie wageni chai? Nami wangu nimtafutie nani wa kuvaa jina lake?" Tangu siku hiyo kwaya inakaa upande ule, mimi upande huu. Ndugu yangu Ombati, nilipomweleza, alicheka akasema, "Jambo rahisi! Waambie amefariki juzi. Watalia, watatoa pole, yameisha." Na hilo ndilo linaloninyima usingizi, kwa sababu ni rahisi kweli na ninaweza kulifanya leo jioni, lakini nikifikiria kubonyeza kile kitufe nitangaze kifo chake upya, na tarehe ya uongo, naona kama namzika mara ya pili peke yangu.

Nifanye nini? Hao wawili ndio watu pekee wanaoniuliza habari zake. Nikisema ukweli nawapoteza, na yeye naye nampoteza.

Majina mengine nimebadilisha. Langu liache.

Onyancha, Birongo

*

Mzee Onyancha,

Pole. Nakupa pole ya Kemuma kwanza, kwa sababu katika barua yako yote nimeona watu wanacheka, wananyamaza, wanavuka upande wa pili wa kanisa, lakini sijaona aliyekaa chini nawe akalia. Miaka arobaini na mmoja si kitu cha kufunikwa na chai ya matanga na kila mtu arudi shambani kwake.

Nimemaliza kukupa pole. Sasa nisikilize.

Ombati usimsikilize. Ukisema amefariki juzi utapokea machozi ya watu kwa ajili ya kifo ambacho hakikutokea, nawe utakaa hapo ukiwaitikia. Ukisharudi kutoka hapo hutajiheshimu tena. Na uliyomwomba Drusilla, baba yangu, yalikuwa matusi, hata kama hukukusudia. Wewe una uchungu wa mjane mmoja ukaenda kuazima mjane mwingine kama mtu anavyoazima sufuria! Nenda kwake mchana, mlangoni, umwombe radhi kwa maneno machache, usijieleze, uondoke.

Gwilym na Mair waambie ukweli wiki hii. Usingoje Agosti. Usifanye hewani, maana hewani wengine husikiliza, na aibu yako si taarifa ya habari. Tafuta namba ya simu, omba wote wawili wawepo, useme: Kemuma alifariki Februari mwaka jana, kabla sijawafahamu, nami niliwadanganya kwa sababu nilipenda kuulizwa habari zake. Usizidishe. Wakikasirika, wana haki, hasa yule mama aliyekaa akafuma. Wakikata simu, usiwapigie kuwabembeleza. Msamaha hauna ratiba, hata ya likizo.

Lakini Mzee, umeniuliza kuhusu watu wa Wales wawili na umeniandikia kuhusu watatu. Huyo wa tatu ni mtoto wako. Lorna hakumzika mama yake. Alikuwa kazini akiosha wagonjwa wa wenzake, mama yake akashushwa kaburini bila yeye. Halafu siku moja anafungua kifurushi anaona kuna mahali fulani duniani mama yake bado yuko hai na anatumiwa zawadi, nawe umekaa kitini unasikiliza maji ya bomba! Unasema hakuna anayekuuliza habari za Kemuma. Wewe umemwuliza nani? Uko na mtu mmoja ulimwenguni aliyempoteza Kemuma yule yule uliyempoteza wewe, na mkipigiana simu mnaongea habari ya mvua.

Kwa hiyo anza na Lorna, kabla ya Gwilym, na kabla ya Sabato. Usimpigie akitoka kazini. Mwulize siku yake ya mapumziko ni lini, umpigie siku hiyo, umwambie unataka kuongea naye habari za mama yake. Akinyamaza, kaa naye kwenye simu katika ukimya huo. Usikimbilie dawa.

Redio usiiache, wala usijiadhibu kwa kuiuza. Vilima havina kosa. Ila kila Jumatano zima mtambo utoke, nenda sokoni Keroka ukae na watu wanaokujua kwa sura, na yeyote akikuuliza unaendeleaje, mwambie jibu la kweli hata kama ni refu.

Fanya haya, kisha uniandikie.

Apiyo

*

Siku kumi na mbili baada ya jibu hili kuchapishwa, tulipokea ujumbe wa Mzee Onyancha. Tumeuweka hapa kwa ruhusa yake.

Mshauri, sikufuata mpangilio wako. Nilianza na Gwilym kwa sababu kwake ilikuwa rahisi zaidi, nawe ulijua hivyo. Nilisema maneno uliyonipa, nikasimama. Halafu akasema, "Sijui nikwambie nini, Onyancha," akakata. Siku nne hakunitafuta. Ya tano akaniandikia kwamba Mair alilia siku nzima na bado ana hasira, kwamba watakuja Agosti kwa kuwa wameshapanga, ila watalala hoteli Kisii na watafika kwangu mara moja tu, mchana, kuona kaburi. Nimekubali. Ni zaidi ya nilichostahili. Hewani hajanijibu tena.

Drusilla alinifungulia mlango, akasikiliza, akasema, "Haya," akafunga.

Lorna nilimpigia Jumapili. Nilisema nataka tuongee habari za mama. Akanyamaza, nami nikakaa kimya kama ulivyosema, nikasikia anavuta pumzi. Akaniambia, "Baba, mimi huwa nawaambia watu kazini kwamba mama yuko Birongo, hajambo. Mwaka mzima na nusu. Hata mmoja hajui." Nikamwambia nakuelewa. Tukalia, mshauri, yeye kwake na mimi kwangu, bila haya.

Kisha akasema, "Nieleze ile siku. Yote. Usiniachie kitu."

Nikamweleza kuanzia asubuhi, walipofika wachimbaji wa kaburi na udongo ulikuwa mgumu.